Kimnyole na Wanawe

Muhula uliopita mwalimu wetu alitusimulia maisha ya John Stuart Mill, mwanafalsafa Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1806. Baba yake alianza kumfundisha Kigiriki akiwa na miaka 3! Darasa zima tuliguna. Nikainua mkono nikauliza: kwani huku kwetu kwenye majani chai hakukuwa na familia ya watu wa fikra karne hiyo hiyo? Mwalimu akasema, "Nenda ukaulize nyumbani, kisha utuandikie." Haya basi.

Nilimwuliza kogo, yaani nyanya yangu. Alinyamaza kwanza. Sisi ni wa ukoo wa Talai, na jina hilo halitajwi ovyo. Kiongozi wake aliitwa orkoiyot. Huyo hakuwa mfalme. Alikuwa mshauri na mtabiri, na vijana hawakwenda vitani bila kauli yake.

Kimnyole arap Turukat alikuwa orkoiyot wa Wanandi. Husimuliwa kwamba alitabiri kuja kwa wageni weupe na nyoka atemaye moshi, ndilo gari moshi. Lakini Wanandi wenyewe walimwua mwaka 1890, wakimlaumu kwa maafa yaliyowapata. Wanawe wakagombania nafasi yake. Koitalel arap Samoei akashinda. Kipchomber arap Koilegen akahamia kwa Wakipsigis, akawa orkoiyot wao. Ndiyo maana sisi tuko huku Kericho.

Koitalel aliwapinga Waingereza hadi tarehe 19 Oktoba 1905, alipouawa na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa amani. Kipchomber alihamishwa mwaka 1914, akafia Fort Hall, siku hizi Murang'a. Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alizuiliwa kuanzia 1923 hadi 1964. Piga hesabu mwenyewe!

Nilirudi kwa Mill nione angesema nini. Kitabu chake cha mwaka 1859 kinatetea uhuru wa kila mtu kufikiri na kusema. Lakini humo humo anasema kwamba watu aliowaita washenzi wanaweza kutawaliwa kwa mabavu, mradi nia iwe kuwaendeleza. Nilifunga kitabu kwanza, nikaenda kunywa chai.

Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa Talai. Si wazee tu, la hasha! Wake, watoto na wajukuu pia. Mamia walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, penye malaria na mbung'o. Kogo alizaliwa huko. Anasema alipokuwa mdogo hakuamini kwamba kuna mahali penye baridi asubuhi. Walirudi wakati wa uhuru, na pale babu zake walipolisha ng'ombe palikuwa pamepandwa chai.

Nilipokuwa shule ya msingi, mwenzangu wa dawati alikatazwa kwao kugombana nami, ati nitamlaani. Nilimweleza kogo, akacheka mpaka akafuta machozi. "Ningejua kulaani, mwanangu, ningekaa Gwassi miaka yote ile?"

Mwezi wa Agosti 2022, wawakilishi wa Wakipsigis na Talai waliishtaki Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Kogo huniuliza habari zake kila ninapofunga shule. Likizo hii nitamsomea ukurasa huu, halafu nitamwuliza jina la mama yake, kwa maana hilo bado hajanitajia.