Tupime Kikohozi kwa Lugha ya Anayekohoa

Wahenga waliponena kwamba mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, hawakukusudia kutoa somo la tiba. Hata hivyo, methali hiyo imehifadhi ukweli ambao kila mwenye kikohozi kisichokoma anaujua vyema: maradhi yake hayana siri. Mwenye shinikizo la damu aweza kuketi kanisani, msikitini au ndani ya matatu asitambulikane. Mwenye kikohozi hujulikana kabla hajatamka neno, na majirani humhukumu kwa kauli moja fupi: "Yule ana kifua." Mwaka wa 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, tuliona jinsi mtu alivyoweza kukohoa mara moja tu, naye akaachiwa kiti kizima.

Madaktari hukiita sugu kikohozi cha mtu mzima kinachozidi wiki 8. Sababu zake ni nyingi: pumu, uvutaji wa sigara, asidi ya tumbo inayopanda kooni, kamasi zinazoteremka kooni, hata baadhi ya dawa za shinikizo la damu. Wako pia waliopona kifua kikuu ilhali mapafu yao yamebaki na makovu. Lakini asidhani mtu kuwa ana ruhusa ya kungoja wiki 8. Aliyekohoa kwa wiki 2 na aende akapimwe kifua kikuu.

Mimi si daktari wa kutibu. Udaktari wangu ni wa isimu. Nimelivalia njuga suala hili kwa sababu hakuna mashine iwezayo kupima uzito wa kikohozi katika maisha ya binadamu. Eksirei huonyesha mapafu, na vipo vinasa sauti vinavyohesabu mara ambazo mgonjwa amekohoa usiku na mchana. Lakini watu wawili waweza kukohoa idadi ile ile ya mara, mmoja akiwa mkulima afanyaye kazi peke yake shambani, mwingine mwalimu asiyeweza kumaliza sentensi mbele ya darasa. Idadi ni moja, mzigo si mmoja. Mzigo huo hupimwa kwa kuuliza, na kuuliza ni kazi ya lugha.

Mwaka wa 2003, wataalamu wa Leicester, Uingereza, walichapisha hojaji ya maswali 19 kwa ajili ya kazi hiyo. Mgonjwa huulizwa juu ya wiki 2 zilizopita: usingizi wake, sauti yake, hofu zake, kazi yake na mazungumzo yake na watu. Kila swali lina majibu 7 ya kuchagua. Maswali yamegawanywa katika mafungu 3, yaani mwili, nafsi na jamii, na jumla ya alama huwa kati ya 3 na 21; kadiri zinavyopanda ndivyo hali ilivyo njema. Watafiti wamekadiria kwamba badiliko dogo kabisa ambalo mgonjwa mwenyewe hulihisi ni la alama 1.3.

Hapo ndipo penye hatari. Fungu la jamii lina maswali 4 tu. Maswali mawili kati yake yakieleweka visivyo, na kila jibu likasogea hatua 3, jumla huhama kwa alama 1.5. Dawa yaweza kusifiwa au kutupwa, kumbe kilichobadilika ni maana ya neno!

Tutazame mifano. Msemaji mmoja akisema "mara kwa mara" ana maana ya kila saa. Mwingine ana maana ya siku moja moja. Hojaji ile hutenganisha uchovu wa mwili na hali ya kukinaishwa na kikohozi, na kuyaweka mambo haya mawili katika mafungu mbalimbali. Mgonjwa wetu husema tu "nimechoka", na neno hilo hubeba yote mawili. Aidha, anayeona haya kukohoa mbele ya wakwe si sawa na aliyepatwa na fedheha. Mtafsiri anayechagua neno "aibu" kwa pupa huzichanganya hali hizo.

Isitoshe, yapo yasiyoulizwa. Wanawake wengi wenye kikohozi sugu hutokwa na mkojo wakikohoa. Hojaji ya Leicester haina swali juu ya jambo hilo, ingawa nyingine ya maswali 28, iliyochapishwa Marekani mwaka wa 2002, inalo. Hata likiwapo, mama mtu mzima hatalijibu mbele ya kijana wa kiume asiyejua tafsida ya "haja ndogo". Atatikisa kichwa kukana, naye kijana ataandika kwamba hali ni shwari.

Basi kutafsiri hojaji na kuirejesha katika Kiingereza ili kulinganisha hakutoshi. Ni sharti watafiti waketi na wagonjwa wenyewe, wa Lamu na wa Nakuru, na kuwauliza: "Swali hili umelielewaje?" Kazi hiyo haimhitaji daktari peke yake, wala mwanaisimu peke yake. Shule za tiba na idara za Kiswahili katika vyuo vyetu aghalabu zimo katika chuo kimoja. Hakuna sababu ya kila moja kujifungia chumbani mwake.

Wakati kazi hiyo ikiendelea, wauguzi wa zahanati zetu hawana haja ya kungoja hojaji. Baada ya kuuliza kikohozi kilianza lini na kama kina damu, na waongeze swali moja: "Kikohozi hiki kimekuzuia kufanya nini?" Kisha wanyamaze, wasikilize, na waandike jibu kama lilivyotamkwa.