Fire ya dola 50: faida ni ya nani?

Septemba 2015 Amazon ya Marekani ilitoa tableti ya Fire kwa dola 49.99. Kilichomgusa mfanyabiashara ni bei ya jumla: aliyenunua tano alipewa ya sita bure, yaani sita kwa dola 249.95, au chini ya dola 42 kila moja.

Kioo ni inchi 7, betri ya saa 7 hivi. Kumbukumbu ya ndani ni GB 8 tu, na mfumo wenyewe unakula sehemu yake, hivyo kadi ya nyongeza ni lazima. Kamera ni hafifu. Kwa vitabu na filamu inatosha. Kwa kazi ya ofisi, hapana.

Udhaifu mkubwa uko kwingine. Fire ilikuja bila duka la programu la Google, na matangazo yalijaa kwenye kioo kila ilipowashwa. Kuyaondoa kuligharimu dola 15 zaidi. Mwaka 2012 mkuu wa Amazon, Jeff Bezos, alieleza kuwa vifaa vyao huuzwa kwa gharama ile ile ya kuvitengeneza, faida ikitafutwa katika vitabu, filamu na bidhaa. Fungu hilo halimfikii muuza rejareja. Yeye hubaki na faida kiduchu, pamoja na mteja anayerudi dukani kuuliza programu zake ziko wapi.