Picha za Rwenzori (2): Tusimame aliposimama Sella

Wiki jana tulizungumzia kamera yenyewe. Leo tuangalie mahali pa kuisimamisha, jambo ambalo wapenda picha wengi wa Kasese hulipuuza, wakadhani lenzi ya bei kubwa itawaokoa.

Mwaka 1906 mpigapicha Mwitaliano Vittorio Sella alishuka Mombasa, akapanda garimoshi hadi Kisumu, akavuka ziwa hadi Entebbe, kisha safari ikaendelea kwa miguu mpaka Fort Portal na bonde la Mubuku. Alikuwa kwenye msafara wa mwana wa kifalme Luigi Amedeo wa Abruzzi, uliofika kilele cha Margherita, mita 5,109, tarehe 18 Juni. Vilele kadhaa vikapewa majina ya malkia na wafalme wa Ulaya. Kingine kinaitwa Sella hadi leo. Mpigapicha huyo alitoka katika ukoo wa wenye viwanda vya sufu huko Biella, na baba yake alikuwa ameandika kitabu cha upigaji picha. Kamera za siku zile zilikuwa mzigo wa kubebwa na watu, achilia mbali vioo vya kunasia picha. Asingeweza kupiga ovyo kama sisi wenye simu.

Thamani ya picha zake imeongezeka kwa sababu ambayo mwenyewe hakuikusudia. Wakati wake barafu ya Rwenzori ilienea takribani kilomita za mraba 6.5. Kufikia 2003 ilikuwa imebaki kama kilomita moja ya mraba hivi. Mwaka 2012 Klaus Thymann, mpigapicha wa Denmark, alipanda kuipiga upya. Kazi kama yake huwezekana kwa kuwa picha za mwanzo zina tarehe na mahali panapojulikana. Picha nzuri isiyo na hayo mawili ni pambo la ukutani.

Sasa, unarudije mahali pale pale? Tafuta katika picha ya zamani vitu viwili vinavyokaribiana machoni, kimoja cha karibu na kingine cha mbali: tuseme pembe ya jabali na mwanya ulio nyuma yake. Ukisogea kushoto au kulia, nafasi kati ya vitu hivyo hubadilika. Endelea kusogea mpaka vilingane na picha. Fanya hivyo tena na vitu viwili vya upande mwingine wa picha. Kila jozi inakupa mstari mmoja; mistari hiyo miwili inapokutana ndipo aliposimama mwenzako. Msimu nao usiusahau, maana theluji mpya huficha ukingo wa barafu na kumfanya mtu aone imeongezeka.

Si lazima upande hadi kwenye barafu. Ukiwa Bwesumbu, huku huku Kasese, una miteremko ya kahawa, mpaka wa msitu wa hifadhi, na kingo zinazoporomoka mvua ikizidi. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, kule Kilembe paliharibika vibaya. Ni nani aliyekuwa na picha ya kingo zile kabla ya maji? Chagua mahali pamoja, pengine jiwe lisilohamishika kando ya njia, uwe unapiga hapo kila msimu wa kiangazi. Toka nyumbani alfajiri, maana jua likipanda, hewa yenye unyevu hupanda nalo na mlima hujifunika. Kwa kujifunika huko, Wazungu waliotangulia walipita karibu na milima hii bila kujua kuwa juu kuna theluji, mpaka ilipofika zamu ya mvumbuzi Stanley kuiona mwaka 1888. Wakonzo, wenyeji wa milima hii, bila shaka hawakuhitaji kuambiwa.

Ukirudi nyumbani, andika siku, saa, mahali na upande ulioelekea. Hifadhi picha halisi kabla hujaikata wala kuipaka rangi.

Juma lijalo tutaingia kwenye kupiga picha za ala za muziki, tukianza na endara ya Wakonzo, ile marimba ambayo mbao zake hulazwa juu ya vigogo viwili vya migomba na kuchezwa na watu kadhaa kwa pamoja. Atakayetaka kuitangulia makala aombe ruhusa kwa wenyewe kwanza, kisha apige kutoka juu, mbao zikiwa bado katika mpangilio wake. Zikishaondolewa kwenye migomba, hakuna picha itakayoonyesha ipi ilikaa wapi.