Unataka Kutengeneza Programu ya Simu? Weka Zana kwa Njia Salama kwenye Windows, Mac au Linux

Wateja wengi wanaopokea malipo kwa simu hufika wakati wakajiuliza: mbona nisiwe na programu yangu mwenyewe? Mwenye duka anataka wateja waagize na kulipa papo hapo. Mweka hazina wa chama anataka kila mwanachama aone mchango wake bila kupigiana simu kila Jumapili. Mwanafunzi naye anataka tu kujifunza kazi.

Habari njema ni kwamba zana za kutengeneza programu za Android ni za bure. Lakini kuna jambo ambalo watu husahau: kompyuta unayoweka zana hizo, na simu unayojaribia kazi yako, mara nyingi ndizo hizo hizo zinazoshika pesa zako. Ukiweka zana bandia, aliyeitengeneza anaweza kusoma nenosiri lako na kila unachoandika. Kwa hivyo hapa tunaeleza jinsi ya kuweka zana kwenye kila aina ya kompyuta, na mahali pa kuwa macho.

Utahitaji nini?

Zana kuu ya Android inaitwa Android Studio, na mwenyewe ni Google. Toleo lake thabiti la kwanza lilitoka Desemba 2014. Ndani yake kuna mahali pa kuandikia msimbo, vifaa vya kuujenga uwe programu, na emuleta, yaani simu ya kuigiza inayoonekana kwenye skrini ya kompyuta. Java inayohitajika inakuja humo humo, kwa hivyo usisumbuke kuitafuta kando.

Kwa programu za iPhone utahitaji Xcode ya Apple. Hii inafanya kazi kwenye Mac pekee, na hupatikana bure kwenye App Store. Mtu akikuuzia "Xcode ya Windows", ondoka.

Kabla ya kupakua Android Studio, kagua mambo matatu:

- Kompyuta iwe ya biti 64.
- RAM iwe angalau GB 8. Ukitaka kutumia emuleta bila kukwama, GB 16 ndiyo afadhali.
- Uwe na nafasi na data ya kutosha. Faili ya kwanza pekee ni takriban GB 1 au zaidi, na baada ya hapo kuna vipande vingine vya kupakua. Tafuta WiFi nzuri badala ya kumaliza data ya simu.

Je, laptopu yako ni ya GB 4? Usikate tamaa. Jaribu MIT App Inventor, ambayo hutumika ndani ya kivinjari bila kuweka zana nzito kwenye kompyuta. Inatosha kabisa kwa kujifunza.

Pakua kwa mwenyewe, si kwa jirani

Andika anwani hii mwenyewe kwenye kivinjari: developer.android.com/studio. Usibonyeze tangazo lililo juu ya matokeo ya utafutaji, usichukue faili kwenye flashi ya rafiki, na usifuate linki ya kikundi cha WhatsApp au Telegram. Ukiona mtu anatoa Android Studio "iliyofunguliwa bila kulipia", jiulize: kitu cha bure kinafunguliwa kwa nini?

Kwenye ukurasa huo wa kupakua, Google huweka msururu mrefu wa herufi na nambari kando ya kila faili, unaoitwa SHA-256. Huo ni kama alama ya kidole ya faili. Faili ikibadilishwa hata kidogo, alama nayo hubadilika. Ukimaliza kupakua, fungua dirisha la amri na uandike:

- Windows: certutil -hashfile jina-la-faili SHA256
- Mac: shasum -a 256 jina-la-faili
- Linux: sha256sum jina-la-faili

Linganisha jibu na ule msururu wa Google. Ukifanana, endelea. Usipofanana, futa faili na upakue upya.

Kwenye Windows

Bonyeza faili ya .exe mara mbili. Windows itakuuliza kama unaruhusu programu ifanye mabadiliko, na itaonyesha jina la mchapishaji. Lisome! Linapaswa kuwa Google LLC. Likionyesha jina usilolijua, au liseme mchapishaji hajulikani, kataa hapo hapo. Baada ya hapo fuata maelekezo hadi mwisho.

Emuleta ikikataa kuwaka, mara nyingi ni kwa sababu uwezo wa kuendesha mashine pepe umezimwa. Huwashwa kwenye mipangilio ya BIOS, chini ya jina kama "Virtualization Technology". Na ukitaka kuunganisha simu halisi kwa kebo, huenda Windows ikahitaji draiva ya USB. Ichukue kwa kampuni iliyotengeneza simu yako, si kwenye tovuti za kukusanya draiva.

Kwenye Mac

Kwanza bonyeza alama ya tufaha, kisha "About This Mac", uone ni chipu gani. Mac zenye chipu za Apple, kama M1, zilianza kuuzwa mwishoni mwa 2020. Nyingi za kabla ya hapo ni za Intel. Google ina faili tofauti kwa kila moja, kwa hivyo chagua iliyo yako. Fungua faili ya .dmg, uvute Android Studio hadi kwenye folda ya Applications.

Mara ya kwanza, Mac itakwambia programu hii imetoka kwenye intaneti. Hilo ni la kawaida. Lakini ikisema mtengenezaji hawezi kuthibitishwa, usitafute njia ya kuipita. Rudi ukapakue upya.

Kwenye Linux

Hapa unapata faili ya .tar.gz. Ifungue, weka folda mahali kama /opt, ingia kwenye folda ya bin, kisha endesha studio.sh. Emuleta hutegemea KVM, kwa hivyo hakikisha imewashwa. Kwenye Ubuntu, ili kompyuta itambue simu yako kwa kebo, utahitaji kujiongeza kwenye kundi la plugdev na kuweka kifurushi cha android-sdk-platform-tools-common.

Kumbuka kitu kimoja: faili ya aina hii ukiifungua, Linux haikuonyeshi jina la mchapishaji kama Windows wala haikuzuii kama Mac. Mlinzi ni wewe. Kwa hivyo ile hatua ya SHA-256, ambayo wengi huiruka, kwako ni ya lazima.

Simu ya kujaribia isiwe simu ya pesa

Ili kompyuta iweke programu yako kwenye simu, unaingia kwenye mipangilio, unatafuta "Build number", unaigusa mara 7, kisha unawasha "USB debugging". Ukishafanya hivyo, kompyuta uliyoiruhusu inaweza kuweka programu kwenye simu hiyo, kunakili faili, kuona skrini, hata kubonyeza kwa niaba yako. Huo ni uwezo mkubwa.

Kwa sababu hiyo:

- Jaribu kwenye emuleta, au kwenye simu ya zamani isiyo na laini yako ya pesa.
- Kama huna simu nyingine, zima "USB debugging" kila ukimaliza kazi.
- Simu ikiuliza kama unaiamini kompyuta, usiweke tiki kwenye "Always allow" ukiwa saiba au kwa laptopu ya mtu. Kama ulishaiweka, gusa "Revoke USB debugging authorizations" ufute ruhusa zote.
- Mtu akikupigia ati ni mhudumu, akuambie uwashe mpangilio huu ili "akurekebishie akaunti", kata simu.

Ukifika kwenye malipo

Kampuni za malipo hutoa mazingira ya majaribio kwa watengenezaji. Daraja ya Safaricom, kwa mfano, ambayo huunganisha programu na M-PESA, hutoa funguo za majaribio kando na funguo za kazi halisi. Anza na za majaribio.

Na usiandike funguo halisi ndani ya programu ya simu. Programu ya Android ikishafika kwa mteja, mtu mwenye ujuzi anaweza kuifungua na kusoma yaliyomo. Funguo zikae kwenye seva. Programu iiombe seva, na seva ndiyo izungumze na mfumo wa malipo. Vilevile, programu yako isiwe na kisanduku cha kumwomba mteja PIN yake ya pesa. PIN huingizwa kwenye ujumbe unaotoka kwa mtoa huduma mwenyewe.

Gharama za kuifikisha sokoni

Kujifunza na kujaribu ni bure. Kuweka programu kwenye Google Play hulipiwa dola 25 mara moja. Kwa Apple ni dola 99 kila mwaka. Akaunti mpya ya mtu binafsi kwenye Google Play pia inahitaji watu wasiopungua 12 waijaribu programu kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kuitoa kwa umma. Wanachama wa chama chako wanaweza kuwa hao 12.

Kwa hivyo jipange: wiki hii kagua kompyuta yako, tafuta WiFi, na uitoe ile simu ya zamani kwenye droo. Ukikwama kwenye hatua yoyote, rudi kwenye ukurasa wa Google ulikopakua, maana maelezo ya kila mfumo yako hapo.

Kumbuka: hatutakuuliza PIN yako kwa simu, kwa ujumbe, wala kupitia programu ya mtu mwingine. Ni siri yako.