Wimbo wa Muongo: Kigezo cha Kuuchagua Wimbo Mmoja wa Miaka ya 1970 Nchini Kenya

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kujibu swali dogo kwa sura lakini zito kwa matokeo. Tukitakiwa tuchague wimbo mmoja tu wa dansi unaoubainisha muongo wa 1970 hadi 1979 nchini Kenya, tuuchague kwa kigezo gani? Aghalabu swali hili huachiwa watangazaji wa redio na wapenzi wa muziki, kana kwamba ni mchezo wa kupimana kumbukumbu. Lakini wimbo unaochaguliwa ndio unaofundishwa darasani, na ndio mwanafunzi aliyezaliwa miaka thelathini baadaye atakaouchukua kuwa sauti ya wazee wake. Wimbo usiochaguliwa husahaulika, na pamoja nao husahaulika namna ya kusema iliyohifadhiwa ndani yake. Kwa hiyo suala hili linatuhusu sisi wanafunzi wa lugha kabla halijawahusu wengine.

2. Vigezo vilivyozoeleka

Kigezo cha kwanza ni mauzo. Katika nchi ambazo hesabu ya santuri imewekwa kwa muda mrefu, kigezo hiki kina nguvu. Uingereza imekuwa na orodha ya mauzo tangu 1952, na nchini Marekani orodha ya jarida la Billboard ya nyimbo mia moja ilianza 1958. Kenya haina orodha ya kitaifa ya namna hiyo iliyowekwa mfululizo kwa muongo tunaoujadili. Na hata kama ingekuwapo, ingetupotosha. Santuri moja ilichezwa kwenye baa, ikasikilizwa na mamia ya watu wasiokuwa na gramafoni. Wimbo mmoja uliotangazwa na Sauti ya Kenya uliwafikia wasikilizaji ambao katu hawakuingia katika duka la santuri. Baadaye zikaja kaseti, na kaseti moja ikazaa nyingine pasipo mtunzi kujua. Idadi ya santuri zilizouzwa ni hesabu ya walionunua. Haituambii nani aliyesikiliza, wala alisikia nini.

Kigezo cha pili ni umaarufu wa kudumu, yaani wimbo unaochezwa hadi leo. Hapa mtu atautaja mara moja wimbo wa "Sina Makosa" wa Les Wanyika, bendi iliyoundwa 1978 na wanamuziki waliojitenga na Simba Wanyika. Utamu wake hauna ubishi, na Kiswahili chake ni fasaha. Bendi mama ilikuwa imeanzishwa na ndugu Wilson Peter na George Peter Kinyonga, waliotokea Tanga na kupitia Arusha kabla ya kufika Nairobi. Lakini hebu tuuchunguze. Msemaji wake anajitetea katika ugomvi wa mapenzi. Ugomvi huo ungaliweza kutokea 1950, na ungaliweza kutokea jana. Ndiyo maana wimbo haukuchakaa: haukuufunga mkataba na wakati wake. Basi kigezo cha kudumu kina kasoro ndani yake. Kinaelekea kuzipendelea nyimbo ambazo zingeweza kutungwa katika muongo wowote, na kuziacha zile zilizoushika muongo wao barabara.

Umaarufu una kasoro nyingine pia, nayo ni kuchanganya nyakati. Wako wasemao kwamba "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms ndio wimbo wa miaka hiyo. Wimbo huo ulitolewa 1982, na kwa tarehe peke yake unatoka katika mjadala. Hata hivyo unatufaa kwa kulinganisha. Msikilizaji anayesemezwa ndani yake ni mgeni aliyewasili, na hata salamu yake imepunguzwa ikawa "jambo" tupu, pasipo viambishi vya nafsi vya "hujambo" na "sijambo". Ni Kiswahili kilichorahisishwa kwa ajili ya asiyekijua. Kwa hiyo tukiuliza Wakenya walivyosemezana wao kwa wao, wimbo huu hautujibu.

3. Kigezo tunachopendekeza

Pendekezo letu ni hili. Wimbo unaoubainisha muongo ni ule ambao msemaji wake, msikilizaji wake na hali yake haviwezi kuhamishiwa muongo mwingine pasipo kuharibika, na ambao lugha yake yenyewe ni ushahidi wa mabadiliko yaliyokuwa yakitendeka. Kwa kigezo hiki tunauchagua "Lunch Time" wa Gabriel Omolo na bendi yake ya Apollo Komesha, uliovuma mapema katika miaka ya 1970.

Maudhui ya wimbo huu yanafahamika. Saa ya mapumziko inapofika, wafanyakazi wa Nairobi wanatawanyika. Wenye fedha wanaingia hotelini. Wengine wanajilaza nyasini wakionekana kama wapumzikao, kumbe wanaipitisha njaa. Mwisho wa mwezi mambo hubadilika kwa siku chache, kisha yanarudi yalivyokuwa. Mtunzi hatoi hotuba. Anatazama tu, na kicheko chake kina uchungu.

Yafaa sasa tuliangalie jina la wimbo, maana ndilo lililowaudhi baadhi ya walinzi wa usafi wa lugha. Kwa nini mtunzi anayeimba kwa Kiswahili atumie jina la Kiingereza, hali sisi tunalo neno "chakula cha mchana"? Jawabu ni kwamba maneno hayo mawili hayana maana moja. "Chakula cha mchana" ni chakula. Asiyekula hana chakula cha mchana. Jina alilolichagua Omolo linataja saa. Ni kipande cha siku kilichokatwa na mwajiri, kuanzia saa saba hadi saa nane, ambacho humfikia kila mfanyakazi, awe na senti au asiwe nayo. Kinaya chote cha wimbo kimesimama juu ya tofauti hiyo: saa inawafikia wote, chakula hakiwafikii wote. Angalisema "wakati wa chakula cha mchana", angalikuwa amekwisha kukitaja chakula ambacho hakipo. Mkopo huu, basi, umeziba pengo la maana, nao ulitoka katika vinywa vya wafanyakazi wenyewe.

Takwimu za sensa zinaonyesha ukubwa wa hali hiyo. Mwaka 1969 Nairobi ilikuwa na watu 509,286. Mwaka 1979 walikuwa 827,775. Katika miaka kumi mji uliongezeka kwa zaidi ya watu laki tatu, wengi wao wakiwa wageni wa mji waliojifunza kuishi kwa saa na kwa mshahara. Kiswahili cha wimbo ndicho kilichowaunganisha. Yafaa tukumbuke pia kwamba uamuzi wa chama cha KANU wa kukifanya Kiswahili lugha ya taifa, na kukiingiza Bungeni, ulikuja 1974. Wimbo ulikuwa umekwisha kukitumia Kiswahili kuyasema mambo ya umma kabla wabunge hawajaruhusiwa.

4. Pingamizi

Pingamizi moja ni ya haki. Wakenya walio wengi katika muongo huo waliishi mashambani, na wimbo wetu unasema juu ya wachache wa mjini. Tena wimbo mwingine mkubwa wa wakati huo, "Charonyi ni Wasi" wa Maroon Commandos, bendi ya wanajeshi iliyoongozwa na Habel Kifoto, uliimbwa kwa Kidawida mwaka 1977 na kupendwa na watu wasioielewa lugha hiyo. Jina lake lasema kwamba ugenini kuna taabu. Mtaalamu wa lugha za Kibantu ataitambua mara moja "charo", safari, pamoja na kiambishi tamati cha mahali kinacholingana na "-ni" ya Kiswahili. Je, huu haustahili zaidi?

Jibu letu ni kwamba kubainisha si kuwakilisha wastani. Muongo hubainishwa na jambo lililoanza kuwa kubwa ndani yake, na jambo hilo lilikuwa maisha ya mshahara, ambayo yaliigusa hata nyumba ya mashambani iliyongojea fedha za mwisho wa mwezi. Nyimbo hizi mbili zinaitazama safari moja: wa Kifoto unailalamikia, wa Omolo unatuonyesha alikofikia msafiri, saa saba mchana, amelala nyasini.

5. Hitimisho

Tumechagua, lakini uchaguzi usitufanye tufunge faili. Nyimbo zote tulizozitaja ni za wanaume, na zilitufikia kwa sababu zilirekodiwa. Zilizoimbwa na wanawake katika vikundi vyao, na zile za lugha zenye wasemaji wachache, zinahitaji kutafutwa kwa wenye umri mkubwa wangali hai. Inafaa kila mwalimu awatume wanafunzi wake wakawaulize wazee wao si wimbo gani waliupenda, bali wimbo gani uliwasema. Majibu ya swali hilo la pili ndiyo yatakayoupima uchaguzi wetu.