Muziki wa Mbeya na Iringa: Kipaji Kipo, Mikataba Je?

Wimbo mmoja uliorekodiwa katika studio ya Mbeya au Iringa hubeba haki za aina mbili ambazo sheria ya Tanzania huzitenganisha, ingawa vijana wengi wanaoingia katika fani hii huzichukulia kuwa kitu kimoja. Ya kwanza ni hakimiliki, ambayo ni ya aliyetunga maneno na lahani, na ya pili ni hakishiriki, yaani haki ya wanaoufanya utungo huo usikike, wakiwamo mwimbaji, mpigaji ala na mwenye rekodi. Zote mbili zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na malipo yanayotokana na matumizi ya kazi hizo redioni, hotelini au mtandaoni ndiyo yanayoitwa mirabaha.

Waimbaji hawajapata kuadimika katika Nyanda za Juu Kusini. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kwaya za makanisa, za Wamoravian huko na za Walutheri na Wakatoliki upande wa Iringa, zimekuwa shule ya sauti nne, ya nidhamu ya mazoezi na ya utunzi kwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga chuo cha muziki. Humo humo, hata hivyo, ndimo swali la umiliki linapofifia zaidi, kwa sababu mwalimu wa kwaya hutunga kwa kujitolea, kwaya hurekodi kwa michango ya waumini, na wimbo unapoanza kuingiza fedha hakuna karatasi inayoonyesha kilicho chake na kilicho cha kwaya.

Katika muziki wa kizazi kipya, Joseph Mbilinyi, maarufu kama Mr. II au Sugu, aliyekuja kuwa Mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020, alikuwa miongoni mwa waanzilishi katika miaka ya 1990, enzi ambayo msanii alimuuzia msambazaji wa Dar es Salaam rekodi mama ya albamu kwa malipo ya mkupuo, na idadi ya kanda zilizouzwa baadaye ikabaki siri ya msambazaji. Rayvanny, mzaliwa wa Mbeya, alipitia mfumo mwingine: alisainiwa na lebo ya WCB Wasafi, akapata tuzo ya BET mwaka 2017, akaanzisha lebo yake, Next Level Music, mwaka 2021, kisha akatangaza kuondoka WCB mwaka 2022. Lebo ni kampuni inayogharamia kurekodi, video na matangazo, nayo hujilipa kutokana na mapato ya msanii kwa muda na asilimia zilizoandikwa katika mkataba, kwa hiyo kinachopaswa kuulizwa kabla ya kutia saini ni nani atamiliki rekodi muda ukiisha, na kujitoa mapema kutagharimu kiasi gani.

Hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe, bila kusubiri usajili, lakini kusajili COSOTA, ofisi ya serikali ya hakimiliki, humpa mtunzi ushahidi siku ya mgogoro. Prodyuza aliyetengeneza biti naye anaweza kudai sehemu ya utunzi, na makubaliano ya mdomo ya studio hayamsaidii yeyote kati yao.

Kuhusu elimu, anayetaka kusomea sanaa yenyewe huelekea TaSUBa, taasisi ya sanaa iliyoko Bagamoyo, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini wasanii wa kanda hii wanahitaji zaidi mameneja, wahasibu na wanasheria, na masomo hayo yanafundishwa nyumbani, katika kampasi ya Chuo Kikuu Mzumbe iliyopo Mbeya na katika Chuo Kikuu cha Iringa. Ni ajabu kwamba wahitimu wachache huiona studio ya mtaani kuwa mteja.

Familia za watunzi waliokwisha kufariki nazo zitunze daftari, kanda na mikataba yao, kwa kuwa hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na nyimbo za mwalimu wa kwaya aliyefariki mwaka 2000 bado ni mali ya warithi wake hadi 2050.