Tulienda Kamembe kupiga picha za ndege, tukarudi mikono mitupu: juu ya nini?

Jumamosi tarehe 27 mwezi wa saba 2019, watu watatu tulivuka mupaka wa Ruzizi ya Kwanza tukiwa na apareyi mbili za picha, chapati na chupa za maji. Hatukuenda kununua bidhaa wala kutembelea jamaa. Tulienda kutazama ndege na kuzipiga picha kwenye uwanja wa Kamembe, upande wa Rwanda. Jioni tulirudi Bukavu na picha moja tu, nayo haionyeshi kitu isipokuwa doa jeusi katika anga la kijivu.

Wenzetu hapa kwenye radio walitucheka sana. Lakini wasikilizaji wachache waliuliza swali la maana: kupiga picha ya ndege kuna ubaya gani? Na kama ni ruhusa, inafanywa namna gani? Tunajaribu kujibu, na makosa yetu hatutayaficha, ili mwengine asipoteze siku yake na feza yake kama sisi.

Wazo lilitoka wapi?

Wazo lilikuwa la kijana mmoja mpiga picha wa Kadutu. Kazi yake ya kila siku ni picha za ndoa na picha za paspoti. Yeye alikulia Shabunda. Wakaaji wa Shabunda wanajua vile barabara ya kutoka Bukavu ilivyo: mvua ikinyesha, lori linaweza kulala ndani ya matope majuma mengi. Chumvi, sabuni, dawa, yote huja na ndege ndogo. Alipokuwa mutoto, mama yake aligonjwa sana, akapakiwa katika ndege moja iliyokuwa imeleta bidhaa, akafika Bukavu akiwa hai. «Sikujua jina la ile ndege,» anasema. «Niliona tu mkia wake. Tangu siku ile nikiona ndege lazima nisimame.»

Alitaka kutengeneza kalenda ya mwaka 2020 yenye picha za ndege zinazoruka katika eneo letu, aiuze. Alikodi apareyi yenye kuvuta mbali, akalipa mbele kwa feza ya mkopo. Ndiyo maana siku ile haikuwa matembezi tu kwake.

Kwa nini Kamembe na si Kavumu? Uwanja wetu wa Kavumu uko kilomita 30 hivi kaskazini ya mji, na wakati ule kila mtu alijua kwamba pale kulikuwa na askari wa serikali na ndege za MONUSCO. Ukitoa apareyi pale bila karatasi, unatafuta matatizo. Tukafikiri: Kamembe ni karibu, ni inchi ya kigeni, watalii wanapita, hawatatusumbua. Fikra hiyo ndiyo ilikuwa kosa la kwanza.

Siku yenyewe ilivyopita

Saa moja asubuhi tulikuwa mupakani. Juu ya ugonjwa wa Ebola, wakati ule kila mtu alinawa mikono na kupimwa joto. Hapo hakukuwa na ubaya, ilikuwa kwa faida ya wote. Baada ya hapo chapati zetu zilitolewa ndani ya sasheti, maana Rwanda ilikataza sasheti za plastiki tangu 2008, na jambo hilo kila mama muuzaji wa Bukavu analijua. Sisi tulisahau. Tukabeba chapati mkononi.

Ng'ambo tulitafuta pikipiki, hakuna. Maduka yamefungwa, barabara iko kimya. Tukauliza mzee mmoja. Akatuambia: «Leo ni umuganda, vijana wangu. Mungojee saa tano.» Umuganda ni kazi ya pamoja kama salongo yetu, na huko hufanyika kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa mbili mpaka saa tano asubuhi. Kati ya Jumamosi zote nne za mwezi, sisi tulichagua hiyo.

Tulikaa chini ya mti. Kabla ya saa nne tulisikia mlio juu ya vichwa vyetu. Ndege ya asubuhi ilipita, ikashuka nyuma ya kilima, tukasikia inatua. Kijana hakusema neno. Alifunga tena kifuniko cha apareyi.

Tulifika karibu na uwanja saa sita. Tukatafuta nafasi kando ya uzio, tukapiga picha tatu za piste tupu ili kupima mwanga. Mlinzi mmoja akaja. Hakupiga kelele. Alitusalimia kwa Kiswahili, akauliza: «Ndugu zangu, munatafuta nini hapa?» Tukaeleza. Akauliza karatasi ya ruhusa. Hatukuwa nayo. Mimi nikatoa kadi yangu ya mwandishi wa habari, nikidhani itasaidia. Ikaongeza maswali. Mwandishi wa habari kutoka Kongo, mwenye apareyi kubwa, kando ya uzio wa uwanja wa ndege: ukiwa wewe ndiwe mlinzi, ungefikiri nini?

Alituomba tufute zile picha mbele yake, tukafuta. Akatuonyesha barabara, tukae mbali. Tulijikuta upande wa mashariki, na jua la mchana likitutazama usoni. Ndege ya pili ilipotokea, kijana alipiga mara moja tu kabla haijazama nyuma ya miti. Hiyo ndiyo ile picha ya doa jeusi.

Kwa nini ndege ni chache na ndogo?

Tulidhani kwamba uwanja wa ng'ambo lazima uwe na ndege kubwa. Hapana. Piste ya Kamembe ina urefu wa mita 1500 hivi, na iko karibu mita 1600 juu ya bahari. Mambo hayo mawili yanaenda pamoja. Kwenye milima hewa ni nyepesi: mabawa hayapati hewa nzito ya kuyabeba, na mashine hazitoi nguvu zote. Kwa hiyo ndege inahitaji kukimbia zaidi chini kabla ya kuruka. Ndege kubwa ya abiria haiwezi kufanya hivyo katika mita 1500. Inayofaa ni ndege ya helisi, kama ile Dash 8 ambayo RwandAir inatumia kati ya Kigali na Kamembe. Anayetaka kuona ndege kubwa ya kampuni hiyo, Airbus A330, lazima aende Kigali, na hiyo si safari ya siku moja kwa mtu wa Bukavu anayepita Nyungwe kwa gari.

Kwetu pia urefu wa piste ni jambo la maisha. Kavumu ina mita 2000 hivi. Wengi tunakumbuka tarehe 12 mwezi wa pili 2012, ndege ndogo ya jeti ilipopita mwisho wa piste pale, na mshauri wa Rais, Augustin Katumba Mwanke, akafa. Na Goma, moto wa Nyiragongo mwezi wa kwanza 2002 ulifunika sehemu ya piste, ndege zikabaki na njia fupi kuliko ile ya zamani.

Kwa nini picha inaleta shida?

Inchi nyingi hutia sahihi makubaliano ya Chicago ya tarehe 7 mwezi wa kumi na mbili 1944 juu ya safari za ndege. Yanaacha kila serikali iamue yenyewe juu ya apareyi za picha ndani ya ndege zinazopita juu ya inchi yake. Chini, kwenye viwanja, ni vilevile: kila inchi ina sheria yake. Uingereza, kule Manchester, kuna bustani kando ya piste ambapo familia zinakuja na watoto kutazama ndege. Lakini Waingereza haohao walipokwenda Ugiriki na mazoea yao, mambo yalikuwa mengine. Mwezi wa kumi na moja 2001, Waingereza 12 na Waholanzi wawili walikamatwa huko Kalamata kwa kuandika namba za ndege karibu na uwanja wa jeshi. Mwaka 2002 walihukumiwa kwa mambo ya upelelezi, wengine kifungo cha miaka mitatu, na ni mwisho wa mwaka ule tu ndipo korti ya rufaa iliwaachilia. Kosa lao lilikuwa sawa na letu: walifikiri mchezo wa kwao ni mchezo kila mahali.

Katika eneo letu sababu ni nzito zaidi. Mwezi wa nane 1998, vita vya pili vilipoanza, ndege za kiraia zilikamatwa Goma, zikapeleka askari mpaka Kitona, mwisho mwengine wa Kongo. Ndege ya abiria iligeuka kuwa silaha. Tena, namba iliyoandikwa kwenye mkia inasema mengi. Inayoanza na 9Q imesajiliwa Kongo, 9XR ni Rwanda, 9U ni Burundi, 5X ni Uganda, 5Y ni Kenya, 5H ni Tanzania. Kwa namba hiyo mtu anaweza kutafuta mwenye ndege na mahali ilipopita. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wanaofuata marufuku ya silaha Kongo, ile iliyowekwa mwaka 2003, wametumia njia hiyo kufuatilia ndege. Kwa hiyo picha ambayo kwetu ni ya kalenda, kwa mtu wa usalama inaweza kuwa ushahidi, au maandalizi ya shambulio. Yeye hawezi kusoma moyo wako. Anasoma karatasi yako.

Na ile programu ya telefone?

Kijana alikuwa na programu ya kufuata ndege kwenye telefone, na siku nzima haikuonyesha ndege hata moja. Programu hizi hazioni ndege kwa macho. Ndege nyingi za kisasa hutangaza zenyewe kwa mawimbi mahali zilipo, na mashine ndogo za watu wa kawaida chini hupokea na kutuma kwenye intaneti. Mawimbi hayo yanaenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi: mlima ukiwa katikati, hayapiti. Eneo la Kivu lina milima mingi na mashine za kupokea ni chache. Tena ndege za zamani zinazokwenda Shabunda au Walikale zinaweza kukosa chombo cha kutangaza. Ramani ikiwa tupu, haimaanishi anga ni tupu.

Ukitaka kwenda, fanya hivi

Kwanza, andika barua ya kuomba ruhusa kwa wenye uwanja, juma moja au mawili mbele, useme majina, siku, apareyi na kazi ya picha. Ukikosa jibu, usiende. Kimya si ruhusa.

Pili, usipige picha kamwe mupakani, kwenye daraja, wala penye askari, upande wa Rwanda na upande wa Kongo. Jetoni inakuruhusu kuvuka, haikuruhusu kupiga picha.

Tatu, uliza kalenda ya mahali unapokwenda. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda.

Nne, fikiri juu ya jua. Piste ya Kamembe imelala karibu kaskazini kwenda kusini. Asubuhi simama mashariki yake, mchana simama magharibi, ili mwanga uwe mgongoni mwako. Na katika kiangazi, mwezi wa saba na wa nane, moshi wa mashamba na vumbi hufunika milima. Baada ya mvua anga ni safi.

Tano, mlinzi akikuambia ufute, futa, na usibishane. Picha inapigwa tena siku nyingine. Kutoka korokoroni katika inchi ya wengine si kazi ya siku moja.

Mwisho wa safari

Deni la apareyi kijana bado analipa. Lakini siku iliyofuata, Jumapili, alikuwa Nguba kupiga picha za ubatizo katika uwanja wa familia moja. Akasikia mlio. Akainua kichwa: ndege ileile ya helisi ilikuwa ikishuka kuelekea Kamembe, ng'ambo ya maji, jua likiipiga ubavuni. Apareyi ya kukodi alikuwa ameisharudisha. Alikuwa na ile yake ndogo.

Alipiga picha mbili. Ndege inaonekana ndogo kama kidole, lakini inaonekana, na chini yake ziwa na nyumba za Bukavu. Wenye nyumba walikuwa wamemruhusu kupiga picha pale. Hakuna mupaka aliovuka, na hakuna aliyemwuliza kitu.

Anasema kalenda itakuwa na mwezi wa kwanza angalau. Kwa miezi kumi na moja inayobaki, juma hili ameanza kuandika barua.